Kikohozi Katika Wimbo wa Tano

Sumbawanga,
12 Februari 1955

Kwa Bwana Flavian, mkata mkonge, Korogwe

Ndugu yangu,

Natanguliza salamu, na nyuma yake naongeza nyingine, maana kwa umbali huu salamu moja haifiki nzima. Sisi huku wote hatujambo. Mvua ni nzuri, ulezi umesimama vizuri, na mwanao Kalisti sasa anashindana mbio na mbwa wa jirani huko Izia.

Habari yenyewe ni hii: santuri za mkeo zimefika. Yule fundi wa Nairobi niliyekuandikia habari zake, aliyepita na mashine mwezi wa Septemba, hakutudanganya. Ametuma masanduku ya karatasi ngumu, kila moja lina santuri tatu, kila upande wimbo mmoja. Nyimbo sita, Flavian. Juu wameandika SILVANA WA UFIPA. Nilimwonyesha jina lake, akalipapasa kwa kidole, akauliza mbona fupi hivyo.

Sijakusimulia vizuri siku ile. Fundi alitaka chumba kisicho na mwangwi, nikampa stoo yangu, katikati ya magunia ya chumvi ya bondeni, tukatundika mablanketi ukutani. Silvana akafungua kinywa, hakuna kitu. Mara ya pili, hakuna kitu. Mwishowe akasema bila jiwe lake la kusagia hawezi, mikono ikikaa bure na sauti inakaa bure. Basi wanaume wanne wakaenda Izia kulichukua jiwe. Fundi akalalamika kuwa litaharibu santuri. Mkeo akamjibu kuwa bila jiwe arudi Nairobi na mashine yake. Akapiga magoti, akamwaga ulezi, akasaga na kuimba. Sisi tuliambiwa tusipumue.

Sasa kila alasiri watu wanajaa mlangoni pangu. Wanakuja kununua chumvi, wanaondoka wameisahau.

Nimempa Adolfu wa hapa mjini, anayekuja mkonge mvua ikipungua, sanduku moja akuletee. Amelifunga katikati ya blanketi lake na ameapa kulilalia njia nzima.

Mama anakusalimu. Anasema ujitunze.

Ni mimi,
Hamidi bin Selemani,
mwandishi wa barua za nyumba yako


Sumbawanga,
13 Februari 1955

Dada Zaitun, shikamoo.

Natumaini Wampembe hamjambo, na shemeji bado anagombana na wavuvi kama kawaida yake. Migebuka uliyonitumia ilifika, nusu nilikula, nusu niligawa.

Dada, nimeandika tena. Jana tu, kwa mkono wangu. "Mama anakusalimu." Nimeona aibu kabla wino haujakauka, na bado nimeifunga bahasha.

Nilikudokezea Idi iliyopita ukadhani ninatania. Nakueleza sasa mwanzo hadi mwisho. Yule Silvana wa Izia hajui kusoma. Mumewe anajua, alisoma kwa mapadre, lakini yuko Korogwe kwenye mkonge tangu mwaka wa hamsini na mbili. Barua zake zinakuja kwa anwani ya duka, mimi ninamsomea mkewe, na mkewe ananiambia la kujibu nami ninaandika. Mwezi wa Januari mwaka jana alikuja amelowa mvua, akaniambia, "Andika kwamba mama yake amefariki. Luciana amefariki, tumemzika jana."

Wewe unajua baba alivyotulea. Habari ya kifo haikuwekwa kwenye karatasi nyumbani kwetu. Alitumwa mtu mzima, akaketi chini, akaomba maji, ndipo akasema. Nilimwona akilini yule mkata mkonge akifungua barua peke yake kambini, hana wa kumshika mkono, nikashindwa. Nikaandika kuwa mama hajambo kidogo. Kisha nikamtafuta Beda, aliyekuwa anakwenda mkonge wiki ile, nikampa ujumbe wa mdomo. Sikumwambia Silvana. Nilimsomea barua kama alivyoisema yeye, si kama nilivyoiandika.

Beda alipofika huko walimpeleka shamba jingine, Kilosa. Nilipata habari hiyo baada ya miezi mitatu. Na katika miezi hiyo Flavian alikwisha kuandika mara mbili: msalimie mama, mwambie mama nimemkumbuka.

Nilisoma maneno hayo mbele ya Silvana kabla ya kufikiri. Nikakatisha kusoma, nikingoja anishtukie. Yeye akatikisa kichwa tu, akasema, "Sawa, nitamfikishia." Akatoka. Dada, anakwenda kaburini. Kila barua ikija, anakwenda kaburini anafikisha salamu. Anadhani mumewe anajua na ndivyo anavyotaka. Na mimi nilishukuru, Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba wote wawili wamepoa.

Akiniambia, "Andika kaburi limeota nyasi," mimi naandika shamba limeota nyasi. Mwezi wa Juni Flavian alimpa Evaristi, mwenzake aliyekuwa anarudi huku, kaniki mpya amletee mama yake. Aliiacha dukani, nami nimeiweka kwenye sanduku langu, chini ya vitabu vya baba. Niliandika kuwa mama ameipokea, anashukuru, imemkaa vizuri. Hilo la kumkaa vizuri hakuniambia mtu. Nililitunga mimi.

Sasa watu wananiita bwana wa santuri, wananipa mkono barabarani. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Hamidi


Wampembe,
2 Machi 1955

Hamidi,

Marahaba. Sisi wazima, migebuka mingine nitatuma mtu akiwapo, na safari hii ule yote, usigawe.

Barua yako nimeisoma mara moja, mara ya pili sikutaka. Wewe baba hakukufundisha hivyo. Baba alisema atumwe mtu. Wewe hukutuma mtu, ulitupa neno kwa mpita njia, kisha ukakaa dukani ukinywa chai. Ukajificha nyuma ya baba, na baba hayupo kukukana.

Unaniuliza ufanyeje, kana kwamba kuna njia tatu. Iko moja. Umwambie mwanamke kwanza, maana umemfanya mjinga nyumbani kwake mwenyewe, halafu umwambie mwanamume. Mimi ningekuwa Silvana ningekumwagia huo unga usoni.

Na ile kaniki usiiguse. Mtu mzima unalala na kaniki ya maiti sandukuni.

Shemeji yako anauliza hizo santuri zinapatikana na huku. Nimemwambia anyamaze kwanza.

Dada yako,
Zaitun


Korogwe,
20 Aprili 1955

Kwa Bwana Hamidi bin Selemani, Sumbawanga

Ndugu Hamidi,

Adolfu amefika na santuri zote nzima. Nakuandikia Jumatano lakini kichwa changu bado kiko Jumapili. Nyapara wetu, mtu wa Songea, ana gramofoni, nasi hukaa nje ya nyumba yake baada ya misa. Nilimpa sanduku. Nilisema, huyu ni mke wangu. Wakacheka, wakasema kila Mfipa leo atasema ni mkewe.

Bwana Hamidi, kabla ya sauti linatangulia jiwe. Unalisikia linakwenda na kurudi, kavu, na Wafipa wote tuliokuwa pale tulinyamaza pamoja, hata wale watani wetu wa Tukuyu. Halafu yeye anaingia. Nimesikiliza mara nyingi sasa na nimegundua anavyofanya: jiwe likienda mbele yeye kimya, likirudi ndipo anasema. Kwa hiyo kila neno linakuja na mkono uliochoka nyuma yake. Fundi angeliondoa jiwe tungepata sauti nzuri tu, na sauti nzuri ziko nyingi.

Jambo jingine. Nyimbo za kusagia za kwetu ni ndefu, mtu anaimba mpaka unga uishe, anarudia, anapotea, anasengenya jirani, anarudi. Yeye amezikata. Santuri haingoji, basi amechagua maneno machache na kuyaacha yasimame peke yake. Nani alimfundisha hivyo? Niliishi naye miaka sita nikimsikia nyuma ya nyumba, nikidhani ananung'unika kama wanawake wote. Nilikuwa namwambia apunguze sauti, nimechoka. Nimeona haya kukuandikia hilo lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wimbo wa pili unanihusu. Siku ya kuondoka nilificha mfuko wangu nyuma ya mlango ili nisiagane naye kwa machozi. Kumbe aliuona. Anaimba kuwa aliufungua, akakuta nimeufunga ovyo kama mwizi, akaufunga upya ili usinimwagikie njiani, akaurudisha pale pale. Hanilaumu popote. Kambi nzima ilinigeukia. Nilitamani anilaumu.

Wa tatu, ule wa kuku wa mama anayepewa kigoda kuliko wageni, tulicheka mpaka nyapara akarudisha sindano mwanzo. Huyo ni mama kabisa.

Lakini santuri yenyewe ni wimbo wa tano. Nauweka Kiswahili kama nilivyouelewa:

Nimetumwa salamu, nimezitwika kichwani,
hazina uzito, hazimwagiki.
Nikifika kwenye tuta lisilopandwa
naziweka chini, nangoja jibu.
Jibu ni nyasi.

Niliwaeleza wenzangu, maana si wote wanajua kilimo chetu cha matuta. Nikawaambia, hili ni tuta langu. Wewe mwenyewe uliniandikia kuwa shamba limeota nyasi. Mwanamke amepelekewa salamu na mumewe aliye mbali, hana wa kulima naye, anazipeleka shambani kwa kuwa hapo ndipo mume angekuwa. Anaiambia ardhi kuwa mwenyewe anakuja. Mtu wa Songea alisema hajasikia mtu akidai mume arudi kwa upole namna hii.

Na sasa nikwambie siri yangu. Mwanzoni mwa wimbo huo, kabla ya neno la kwanza, mtu anakohoa. Mara moja tu, kwa mbali, kikohozi cha mtu anayejizuia. Ni mama. Alikuwapo stooni kwako, sivyo? Amekaa kwenye magunia anamwangalia mkwewe, na vumbi la ulezi limemwingia kooni. Nimemtambua hapo hapo. Nimewaambia watu wote, na sasa nyapara akiweka upande huo wananyamaza kabla ya wakati ili nimsikie mama yangu. Hata watu wa kambi ya pili wamekuja kusikiliza kikohozi. Wimbo wa sita uko nyuma yake lakini sijaufikia, maana sindano ni chache, na kila zamu yangu naomba huu huu.

Nilikuwa nimekusudia kuongeza kipande kingine, mkataba mwingine wa kazi huku mkonge. Nimeacha. Julai nakuja. Mwambie Silvana lile tuta asiliguse, nitalilima mwenyewe, na mbegu ataweka mama kwa mkono wake.

Msalimie sana mama. Mwambie nimemsikia.

Ndugu yako,
Flavian


Sumbawanga,
11 Mei 1955

Dada Zaitun, shikamoo.

Kile kikohozi ni changu. Barua ya Flavian naiambatanisha, utaiona, ila uirudishe.

Tuliambiwa tusipumue nami nikakohoa. Fundi alikasirika, akataka wimbo urudiwe. Silvana akasema, "Huu siurudii." Nilidhani ni uvivu. Kikabaki. Sasa watu wa kambi mbili wanakaa kimya Jumapili kunisikiliza mimi nikikohoa, na mwanamume mzima anashika kichwa akisema ni mama yangu.

Mwezi huu tumefunga, Dada. Nimekaa na njaa siku nzima na uongo tumboni, nikaona hakuna funga hapo. Jumatatu alasiri nilifunga duka, nikaenda Izia kwa miguu. Nilichukua na kaniki. Ulisema nisiiguse lakini sikujua kwenda mikono mitupu.

Silvana alikuwa anapepeta. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kisha nikakumbuka kuketi, nikaketi, kazi imekwisha. Hakunimwagia unga. Aliomba maji, yeye mwenyewe, mwenye nyumba, akaomba maji kwa Fransiska mke wa katekista aliyekuwa amekuja kumtembelea. Akanywa. Akaniuliza, "Salamu zote zile?"

Nikasema zote.

Akasema, "Basi nimekuwa nikimpelekea marehemu salamu za mtu asiyejua kama amekufa. Nikisimama pale nasema mwanao anakusalimu. Na yeye ananisikia."

Dada, sijawahi kutazama chini muda mrefu namna ile. Kaniki aliichukua, akainusa, akanirudishia. Baadaye akasema nimalize mfungo wangu, nile Idi na watu wangu, kisha nije na kalamu na Fransiska atakuwapo. Fransiska anasoma vizuri. Nimeelewa kwa nini atakuwapo.

Niombee.

Hamidi


Izia,
25 Mei 1955

Baba Kalisti,

Barua hii nasema mimi, anaandika Hamidi. Nikimaliza maneno machache Fransiska anayatazama. Akiona yamegeuka anafuta, Hamidi anaandika upya. Mpaka hapa amefuta mara moja. Alikuwa ameweka hali yetu ni njema.

Hamidi ndiye anayekuletea barua hii kwa mkono wake. Nimemwambia asikupe kwanza. Akae chini, aombe maji, aseme kwa mdomo, na ukishasikia ndipo akupe karatasi. Kwa hiyo ukiisoma hii umekwisha kujua. Mama alifariki tarehe kumi na tisa Januari mwaka jana. Siku hiyo nilikuwa nasaga naye, yeye kwenye jiwe lake nami kwenye langu. Akasema mkono umekuwa mzito, niendelee, anapumzika kidogo. Nikaendelea. Niliona aibu kwa muda mrefu kwamba niliendelea. Padre alimpaka mafuta akiwa bado anasikia. Tumemzika mwisho wa shamba upande wa barabara, ili akuone ukija.

Nilikuja dukani siku ya pili nikasema haya haya. Hamidi akaandika mengine.

Hapa Hamidi ameacha kuandika. Nimemwambia aandike kwamba ameacha.

Ameendelea.

Sasa nikwambie la kwangu. Nilipoona hulii katika barua zako nilikukasirikia. Nilisema mkonge umemkausha. Halafu zikaanza salamu, msalimie mama, msalimie mama, nikasema la, huyu mwanamume ana moyo wa ajabu, anaongea na mama yake kama zamani. Nikakupenda upya. Nikawa nazibeba kila mara, hata wakati wa baridi na ule upepo wa mwezi wa saba, nikasimama pale nikafikisha neno kwa neno. Wimbo wa tano ndio huo. Tuta lile si shamba letu, Baba Kalisti. Ulipowaeleza watu wa mkonge habari za kilimo, nilisomewa, nikafunika uso. Si kwa ajili yako. Nimeona aibu mimi, kwamba nilikupenda kwa kitu ambacho hukukifanya.

Watu wa mjini wameusifu wimbo huo mbele yangu nikatabasamu. Nilidhani wanakusifu na wewe.

Kikohozi ni cha Hamidi. Amekiandika hapa kwa mkono wake: ni mimi Hamidi niliyekohoa, si mama yako. Fransiska amesoma, ni sawa.

Mama sautini hayumo. Lakini unasema hujaufikia wimbo wa sita. Geuza santuri. Huo ni wimbo wa wasagaji wawili, unaujua, mmoja anauliza na mwenzake anajibu. Fundi alitaka kuniletea mwanamke wa kujibu nikakataa. Mimi nauliza, halafu nalisukuma jiwe tu, nangoja kiasi cha jibu lake, nauliza tena. Kila palipo kimya ni pake. Ungeligeuza siku ile ya kwanza ungejua mwenyewe, bila Hamidi, bila barua.

Usimpige. Ana watoto. Ila usimwambie si kitu, maana ni kitu.

Ukija Julai sawa. Usipokuja pia nitaelewa, ila nitaelewa vibaya.

Alama ya dole gumba langu iko hapa chini.

Silvana

Nimeandika kama alivyosema. Hamidi bin Selemani.
Nimesoma, ni kama alivyosema. Fransiska.


Korogwe,
14 Juni 1955

Mama Kalisti,

Barua hii nampa Hamidi arudi nayo, lakini nimeifunga kwa gundi na atakusomea Fransiska.

Alifika Jumapili iliyopita tukiwa tumekaa kwa nyapara, na wimbo wa tano ulikuwa unalia. Nilimwona anakuja na vumbi la siku tisa. Nilifurahi mno. Nikainuka mbele ya watu wote nikasema, huyu ndiye mwandishi wetu, huyu ndiye aliyetoa stoo yake, mpeni kiti. Akakikataa kiti. Akaketi chini kwenye mchanga, akaomba maji.

Mimi ni mtoto wa kwetu, nilijua kabla hajameza.

Alisema yote. Nyapara alisimamisha gramofoni. Sikulia pale, nilikuwa na aibu kuliko huzuni, nilikuwa naangalia nyuso za watu waliokuwa wakinyamaza kila Jumapili kwa ajili yangu. Niliwaita mwenyewe. Niliwavuta mikono waje wamsikie mama. Sikujua nitazame wapi, basi nikamwambia Hamidi, kohoa.

Akasema hawezi. Nikamwambia, ulikohoa Sumbawanga, kohoa na hapa. Akajaribu, kikatoka kikavu, si chenyewe. Akajaribu tena, akaanza kulia, na katika kule kujizuia kulia kikohozi kikatoka. Kile kile. Sote tuliokuwa pale tulikitambua, maana hakuna kikohozi tunachokijua kama hicho. Mtu mmoja wa Tukuyu akainuka akaondoka zake kimya kimya.

Sikumpiga. Wala sikumwambia si kitu. Alilala kwangu siku zote hizi, tunakula sahani moja, hatusemi mengi. Juzi aliniambia kuwa amekuwa akiogopa karatasi tangu utoto. Nilimwambia mimi nimekuwa nikiogopa nyumbani. Niliongeza kipande mara ya kwanza bila sababu, Mama Kalisti. Kazi ilikuwa imekwisha na nauli ninayo. Niliona huku natuma salamu, nako ndiko kuwa mtoto mwema. Wewe ndiye uliyekuwa na kazi ya kwenda.

Kaniki ameileta, bado iko kwenye mkunjo wa dukani. Nitakuja nayo mwenyewe. Umekwisha kunibebea ya kutosha.

Santuri nimeigeuza. Nilimwomba nyapara aniachie gramofoni asubuhi moja watu wakiwa kazini. Unauliza, jiwe linakwenda, jiwe linarudi, unauliza tena. Swali la tatu nilijikuta namjibia, maneno yake nayajua tangu nikiwa mgongoni kwake. Nikaona siyo mahali pangu, nikanyamaza, nikamwachia nafasi yake mpaka sindano ilipofika mwisho. Nimekusifu kwa wimbo nisiouelewa, na huu nilioujua tangu nikiwa mgongoni sikuugeuza.

Tarehe tano Julai napanda gari. Nilikusudia nisikutume tena, lakini Julai ni mbali na yeye amengoja mwaka na nusu. Nibebee moja tu, ya mwisho.

Msalimie mama. Mwambie nimeambiwa.

Flavian